Marlin 336 ya .30-30 kwa miyombo ya Tabora: bunduki haina neno, shughuli iko kwenye risasi

Miyombo ya Sikonge na Kaliua, mvua zikishakatika na moto haujapita, haikupi nafasi ya kuona mbali. Nyasi zinafika kifuani, miti imebanana, na ngiri au swala pala ukimwona, ukamwona hasa, yuko mita 60 au 80. Bunduki ndefu yenye darubini nzito hapo ni mzigo: inanasa kwenye matawi, na ukiweka jicho unaona manyoya bila kujua ni bega au paja. Ndiyo maana Marlin 336, bunduki ya leva (mkono wa chuma chini ya triga unaosukuma na kurudisha ili kutoa ganda na kupandisha risasi), inastahili kuzungumzwa Tabora, ingawa ni bunduki ya misitu ya Marekani na wengi huku wanaijua sura yake kwenye filamu za makauboi tu.

Sheria kwanza, tumalizane nayo. Leseni ya silaha inatoka Polisi, kibali cha kuwinda kinatoka TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori), na kila kimoja kinasimama peke yake. Kuwa na hiki hakukupi kile. Mto Ugalla ni Hifadhi ya Taifa tangu 2019, kwa hiyo huko bunduki ya mwindaji haina kazi. Na kwa nyati, simba au tembo usiitaje kabisa .30-30. Kanuni zinataka kuanzia .375, na hata zisingetaka, mwenye akili timamu hamfuati nyati kwenye kichaka na risasi hii. Ni ya swala pala, ngiri, tohe, nsya, na kuro akikaa vizuri kwa karibu.

Tunayoipima ni 336 Classic, ile inayotengenezwa na Ruger tangu 2023. Modeli yenyewe ni ya 1948, enzi hizo Marlin ikiwa kampuni ya Connecticut. Remington iliinunua Marlin mwishoni mwa 2007, baadaye yenyewe ikafilisika, na 2020 Ruger ikachukua jina na michoro, kazi ikahamia Mayodan, North Carolina. Historia hii si ya kupamba maandishi. Atakayenunua iliyotumika lazima ajue ni ya kipindi gani, na tutalirudia.

Mtutu ni sentimita 51, urefu wote ni kama sentimita 98, uzito kilo 3.4 bila risasi. Chini ya mtutu kuna bomba linalobeba risasi sita, na ya saba inakaa chumbani, yaani nyuma ya mtutu inapopigiwa. Mbao ni za mwalnati, zimekaa vizuri kwenye chuma, hazina pengo la kupitisha ukucha. Ukiishika katikati, mbele kidogo ya triga, inalala mkononi bila kuelemea upande wowote. Kwa mtu anayetembea kutwa nzima huku ndorobo wanamla shingo, hilo lina thamani kuliko nakshi zote. Haina kishikio cha bolti kinachojitokeza ubavuni, kwa hiyo haikwaruzi mgongo wala kunasa kwenye mkanda wa begi.

Kinachoitofautisha na Winchester 94, mpinzani wake wa siku zote, ni juu ya bodi, lile kasha la chuma linaloshika mitambo. Marlin imefungwa juu, ganda linatokea ubavuni kulia. Winchester za zamani, kabla ya mabadiliko ya miaka ya 1980, zilirusha ganda juu moja kwa moja, na kuweka darubini ikawa balaa. Kwa Tabora tofauti hii ina maana nyingine pia: vumbi na majani makavu yanayodondoka juu ya bunduki hayaingii ndani kirahisi. Winchester ni nyepesi na nyembamba zaidi, hilo hatubishi. Lakini kuifungua Winchester ni kazi ya fundi. Marlin unaifungua mwenyewe kwa bisibisi moja.

Kufungua kwenyewe ni hivi. Hakikisha haina risasi, chumbani na kwenye bomba, kwa macho na kwa kidole. Teremsha leva nusu. Ondoa skrubu ya leva kwa bisibisi bapa inayojaa mfereji wa skrubu sawasawa (bisibisi ya dukani iliyochongoka itakula kichwa cha skrubu mara ya kwanza tu). Vuta leva ichomoke, vuta bolti (chuma kinachofunga chumba) itoke kwa nyuma, kisha toa kirusha ganda, kipande chembamba kilichokaa upande wa kushoto ndani ya bodi. Sasa fimbo ya kusafishia inaingia kutoka nyuma, na mdomo wa mtutu haukwanguliwi. Kurudisha, wengi wanakwama hapa: kirusha ganda kitangulie, chuchu yake ikae kwenye tundu lake, bolti iingie ikiwa imebaki kidogo nje, ndipo ncha ya leva iingie kwenye mfereji wa chini ya bolti. Ukilazimisha bolti wakati kirusha ganda kimepinda, utakivunja, na kipuri hicho hukipati Tabora mjini wala Nzega.

Mafuta yawe kidogo sana. Kiangazi cha huku vumbi ni laini kama unga, likikutana na mafuta mengi linageuka dongo la kusagia chuma. Futa hadi chuma kibaki na utando tu. Masika geuza utaratibu: futa kila jioni, ukumbuke na chini ya mbao za mbele, maji hujificha humo na kutu huanza bila kuonekana.

Saiti za kiwandani zinatosha, si zaidi. Ya nyuma ina masikio yaliyopinda, ya mbele ina shanga ya rangi ya dhahabu. Shanga hiyo ni nzuri alfajiri na jioni, ila jua likiwaka ubavuni inadanganya: upande unaopigwa na jua unang'aa, jicho linalenga pale panapong'aa, na risasi inakwenda upande wa pili. Jua likiwa kushoto kwako, risasi itaelekea kulia. Kwa mita 40 huoni tofauti. Kwa mita 100 inaweza kuwa tofauti ya moyo na tumbo. Dawa ni kuipaka shanga rangi nyeupe isiyong'aa, au kufunga saiti ya tundu juu ya bodi. Matundu ya skrubu tayari yapo. Saiti ya tundu ndiyo tunayoishauri kwa miyombo. Darubini, ukitaka lazima, iwe ndogo, isizidi ukuzaji wa mara nne.

Ufyatuaji wa leva una kosa moja kubwa, nalo ni woga wa mkono. Leva isukumwe mbele mpaka igonge mwisho, kisha irudi mpaka ibane kitako. Anayeichezesha nusunusu kwa kuogopa kelele hufika mahali ganda kuukuu halijatoka na risasi mpya imeshapanda, zote mbili zinagombea mlango mmoja. Ikitokea, usipigane nayo. Elekeza mtutu pasipo mtu, sukuma leva mbele hadi mwisho, tikisa ganda litoke, ndipo urudishe. Pia triga haifanyi kazi mpaka leva ibanwe kabisa, kuna kidude cha usalama nyuma yake. Mtu asiyejua hudhani bunduki imekufa, kumbe vidole vimelegea.

Kushusha nyundo ndiko kunakotisha zaidi. Dole gumba lenye jasho linateleza. Washa kwanza kitufe cha usalama kilichopita kwenye bodi kutoka ubavu hadi ubavu, elekeza mtutu ardhini, shika nyundo, bonyeza triga, iache ishuke taratibu, na uachie triga mapema ili nyundo isimame kwenye nusu. Watu wa zamani wanakidharau kitufe hicho kwa sababu Marlin za kabla ya miaka ya 1980 hazikuwa nacho. Kidharau tu kwenye maongezi, si porini.

Sasa risasi. Hapa ndipo bunduki hii inapokupa raha na karaha kwa pamoja.

Risasi ya .30-30 ni ya 1895, mwaka mmoja baada ya Winchester 94 ambayo John Browning aliibuni. Zile za kawaida zina kichwa cha greni 150 au 170, yaani gramu 9.7 au 11. Ya 170 hutoka kwa mwendo wa kama mita 670 kwa sekunde, ya 150 kama mita 730. Kwa namba za leo ni mwendo wa pole, na ndiyo sababu nyama haiharibiki sana na bega la mfyatuaji haliumii. Lakini risasi inashuka haraka. Ukiipangia saiti ipige sawasawa kwenye mita 90, ikifika mita 180 imeshashuka zaidi ya sentimita 20. Kwa hiyo mpaka wake wa haki, kwa saiti za chuma, ni mita 100, na fundi wa kweli aongeze 30. Anayepiga kuro ng'ambo ya mbuga kwa .30-30 anamjeruhi tu, kisha anawaachia maskauti kazi ya kufuata damu.

Kichwa cha risasi lazima kiwe bapa au butu. Kwenye bomba risasi zimepangana mkia kwa kichwa, ncha ya moja inagusa fataki (kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) ya iliyo mbele yake. Ncha kali ya shaba pamoja na mshindo wa bunduki inaweza kulipua bomba zima chini ya mkono wako wa kushoto. Hakuna kujaribu. Hornady wana aina yao ya LEVERevolution yenye ncha laini ya mpira, greni 160, hiyo imetengenezwa makusudi na ni salama. Inatoka kwa mita 730 kwa sekunde na haishuki haraka: ikipangwa ipige sentimita 7.5 juu kwenye mita 90, inarudi kwenye mstari karibu na mita 180. Ni nzuri, ila kwa miyombo mzito tunachagua ya 170 butu ya kawaida. Umbali haupo, basi kwa nini ulipie?

Karaha ni upatikanaji. Maduka yenye leseni nchini yanajali .375, .458, .30-06 na za shotgani. .30-30 huagizwa, husubiriwa, na shehena moja ikiisha inayofuata inaweza kuwa ya kiwanda kingine na kupiga mahali pengine. Jambo hili si geni Unyanyembe. Stanley, yule mwandishi aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alipotua Kwihara 1871, katika silaha zake kulikuwa na Winchester na Henry, zote za leva, zile walizoziita za risasi kumi na sita. Baruti ya kulipulia ya risasi hizo ilikuwa ndani ya ukingo wa ganda lenyewe, ganda likishapigwa halifai tena. Mzigo wa pagazi ukiisha, bunduki ya kisasa kuliko zote njia nzima inabaki rungu. Leo ganda la .30-30 lina fataki katikati na linaweza kujazwa upya, lakini hilo lina masharti yake.

Sharti la kwanza ni sheria. Kutengeneza au kujaza risasi Tanzania bila kibali ni kosa, na si kosa dogo. Tunayoyasema hapa ni kwa wenye vibali na kwa wageni wanaojaza kwao kabla ya kuja, na hata kwa asiyejaza kamwe, kwa sababu ganda lililotumika linakueleza afya ya bunduki. Kiasi cha baruti hakiandikwi hapa. Kinasomwa kwenye jedwali la mwenye kiwanda cha baruti husika, kwa aina ile ile ya kichwa na fataki. Na yale mazoea ya gobore, ya kumimina baruti kwa kukadiria kiganjani, yaishie hukohuko kwenye gobore.

Kinachoizuia .30-30 mahali pake chumbani si bega la ganda (pale linapoanza kubana kuelekea mdomoni) bali ni ukingo wake wa nyuma. Kiwandani chumba huachwa na nafasi kidogo mbele ya bega. Ukipiga, bega linasukumwa mbele kujaza nafasi hiyo. Mjazaji asiyejua anarudisha ganda lote kwenye dai (kalibu ya kulirudishia ganda umbo lake) hadi chini, bega linarudi nyuma, likipigwa tena linasukumwa mbele tena. Shaba ya ganda haiongezeki, inavutwa kutoka mahali fulani, na mahali hapo ni juu kidogo ya kitako. Pale panazidi kuwa pembamba mpaka siku moja ganda linakatika: kitako kinatoka na kucha ya bolti inayovuta ganda, mwili unabaki chumbani. Marlin inaongeza tatizo kidogo kwa sababu bolti yake inafungwa kwa nyuma, si kwa mbele kama za Mauser, hivyo chuma chote kinanyumbuka kidogo kwa kila mshindo.

Dalili ni mstari unaong'aa kuzunguka ganda, milimita 8 hadi 10 kutoka kitako. Chukua waya mwembamba wa chuma, chonga ncha, ikunje pembeni, ingiza ndani ya ganda na kwaruza kutoka chini kwenda juu. Ncha ikidumbukia kwenye mfereji, ganda hilo ni la kutupa. Dawa ni kuliinua dai juu kidogo ili bega lirudi nyuma kwa unywele tu, kiasi cha risasi kuingia bila kubana.

La pili ni mkazo wa mdomo wa ganda. Kwenye bomba, kila mshindo unarudisha risasi zote nyuma kisha chemchemi inazisukuma. Kichwa kisichobanwa kinazama ndani ya ganda. Risasi iliyofupika inaweza kugoma kupanda, na mbaya zaidi nafasi ya baruti inapungua na msukumo unapanda. Mdomo unakazwa kwenye mfereji uliochorwa kwenye kichwa, na mkazo hautakuwa sawa kama maganda hayana urefu mmoja. Urefu wa juu kabisa ni milimita 51.79, na wengi hukata hadi 51.5. Ganda refu kuliko wenzake, dai likishuka, bega lake linavimba na risasi haiingii chumbani. Risasi nzima isizidi milimita 64.77. Kipimo hiki kinafaa hata kwa za dukani: jaza bomba, piga nne, toa mbili zilizobaki na uzilinganishe na mpya kutoka kwenye boksi. Kama zimefupika, aina hiyo usiinunue tena.

Usahihi wake ni wa kuridhisha bila maajabu. Kundi la risasi tatu ndani ya sentimita 5 hadi 8 kwenye mita 90, kwa saiti za chuma, ni bunduki nzima. Bomba limefungwa kwenye mtutu, kwa hiyo mtutu ukipata moto kundi linahama. Ukipanga saiti piga tatu, acha ipoe kabisa, ndipo urudie. Wanaopiga boksi zima kwa pupa halafu wanasema saiti imelegea wanaisingizia.

Kasoro ya kimaumbile, ambayo haijaisha kwa modeli yoyote ya ukoo huu, ni kipandishio, ulimi unaoinua risasi kutoka bomba kwenda chumbani. Pembe ya leva inausugua kwa chini kila inapozunguka. Ikiwa pembe hiyo ni kali, baada ya muda inachimba kijifereji, ulimi unachelewa kupanda, na risasi ya pili inapenya chini yake. Leva inakwama nusu njia, haiendi mbele wala nyuma, na hapo hakuna namna ila kutoa skrubu ya leva. Marlin za Modeli 1894 zenye risasi fupi zinaugua zaidi kuliko 336. Fundi mwenye leseni akiilainisha pembe hiyo kwa jiwe la mafuta mapema, bila kula chuma, umeshajinunulia miaka. Akikuta kijifereji tayari, ulimi ubadilishwe.

Kwa iliyotumika, anza na namba na mihuri. Mtutu wenye herufi JM karibu na bodi ni wa Connecticut ya zamani. Namba inayoanza na MR ni ya kipindi cha Remington, na RM ni ya Ruger. Za Remington za miaka ya mwanzo ndizo zilizolalamikiwa Marekani kwa saiti zilizokaa upande na mbao zisizokutana na chuma; za mwishoni zilitengemaa. Hiyo haina maana ukatae kila MR, ina maana uangalie kwa makini. Simamisha bunduki, tazama saiti ya mbele ukiwa nyuma kama imesimama wima. Geuza, fungua leva, chungulia chini ya kipandishio kwa tochi. Angalia vichwa vya skrubu: vilivyoliwa vinakuambia ilifunguliwa na nani. Zungusha leva kwa risasi za mazoezi, sita mfululizo, taratibu kisha haraka. Omba maganda iliyoyapiga, utafute ule mstari juu ya kitako. Muuzaji akisema risasi "zipo tu", azionyeshe, na ziandikwe kwenye uhamisho huohuo mbele ya Polisi. Kama hana hata boksi moja, bei ishuke kwa kiasi cha usumbufu utakaoupata wewe.